Mwenzangu wa Benchi na Bima Yake

Watu wakiugua huwaonea wivu wazima. Hilo linaeleweka, na hakuna mchungaji atakayekukemea kwa ajili yake. Mimi niliugua nikamwonea wivu mgonjwa mwenzangu, tena rafiki yangu, tena aliyekuwa amekaa kando yangu kwenye benchi lile lile tukisubiri kuitwa kwenye chumba kile kile. Nimeona niandike sasa, wakati mgongo umetulia na naweza kukaa kwenye kiti bila kushikilia meza, kwa sababu kila mwaka wanahitimu madaktari wapya, na kila mwaka wanadhani kuugua ni kazi ya watu wengine.

Naitwa Aikaeli. Nyumbani kwetu Sokon One wananiita Aika, isipokuwa mama, ambaye tangu nilipofaulu kidato cha sita ananiita Dokta, hata akinituma chumvi dukani. Baba alifariki nikiwa shule ya msingi. Tuko watatu: mama anayeuza nafaka sokoni, mimi, na mdogo wangu Elibariki aliyekuwa chuo mwaka wa pili. Masomo yangu yalichangiwa na ukoo mzima wa kijijini kwetu Maji ya Chai, kuanzia baba wadogo mpaka kwaya ya wanawake, kwa hiyo nilipovaa koti jeupe kwa mara ya kwanza kila mtu alijisikia kwamba kipande fulani cha koti lile ni chake. Hawakukosea.

Mwaka wa mafunzo kwa vitendo niliufanya pamoja na Glory. Glory ni wa Njiro, baba yake ni mtumishi wa serikali mstaafu, nyumba yao ina ukuta na geti la kufunguka lenyewe. Hata hivyo tulielewana. Tulipeana zamu, tulikula sahani moja, tuligombana na muuguzi mkuu kwa pamoja. Tofauti yetu ilikuwa moja tu: Glory alikuwa mtu wa vitu kumjia. Mimi nilikimbilia kila kitu, yeye alisimama mahali pamoja na kitu kikamfikia. Nilimpenda, lakini hilo lilikuwa linaniwasha tangu zamani.

Siku moja, saa ya chai, aliingia kwenye chumba chetu cha mapumziko kijana mmoja mwenye tai na mkoba, anaitwa Baraka. Alikuwa anauza bima ya kulinda kipato. Alituambia kwamba bima ya afya inamlipa anayekutibu, lakini hii yake inakulipa wewe: ukiugua au ukiumia ukashindwa kufanya kazi yako, kila mwezi unapata sehemu ya mshahara mpaka urudi kazini au mpaka mkataba uishe. Alisema madaktari wapya ndio wanaoihitaji zaidi, kwa sababu hawana akiba na wana watu wengi nyuma yao. Tulimcheka. Mmoja wetu alimuuliza kama ana bima ya kulinda chai, maana yetu ilikuwa inapoa. Mimi nilisema, "Kaka, sisi ndio tunaowaandikia watu wengine kwamba wanaumwa." Wote wakaangua kicheko, na nilijisikia mjanja sana.

Glory peke yake ndiye aliyesaini. Nilimuuliza tukiwa tunatoka.

"Wewe nawe umeona nini?"

"Sijaona kitu. Baraka ni mtoto wa shangazi yangu. Nisiposaini, Krismasi hii shangazi atanisema mpaka kwenye pilau."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakusaini kwa hekima wala kwa kuona mbali. Alisaini ili binamu yake apate kamisheni. Laiti angekuwa amekaa akafikiri, labda ningemsamehe mapema.

Tulipomaliza mafunzo, Glory alipata kazi katika idara ya upasuaji ya hospitali moja. Ndiyo kazi aliyoitaka tangu chuo. Alikuwa na mikono ya kushona. Kidonda alichoshona yeye ulikuwa unaona kama kimefungwa na mtu asiye na haraka. Mimi nilibaki nikisubiri ajira ya serikali, na wakati nasubiri nikawa nafanya zamu katika kliniki moja ya jirani hapo Sokon One. Unafanya zamu unalipwa, hufanyi hulipwi. Kwangu lilikuwa jambo zuri, kwa sababu nilikuwa na nguvu za kufanya zamu za watu wawili. Elibariki alilipiwa ada. Mama alianza kuzungumza habari za kupunguza siku za sokoni.

Mgongo ulianza kuuma wakati wa vuli. Hapa ndipo naomba madaktari wenzangu wasome polepole. Mgonjwa wa kawaida akiumwa mgongo anakata kadi, anafunguliwa faili, anaulizwa maswali. Daktari akiumwa mgongo anatibiwa kwenye korido. Nilikutana na daktari mwenzangu wa mifupa tukipishana mlangoni hospitalini nilikopeleka mgonjwa, nikamwambia, "Bwana wee, mgongo unaniua." Akanibonyeza juu ya koti tukiwa tumesimama, akasema, "Ni kusimama sana. Meza dawa ya maumivu." Nikameza. Nilipokutana naye tena akaniongezea ile kali zaidi, akiwa anaongea na simu. Hakuniuliza kama natoka jasho usiku, na nilikuwa natoka. Hakuniuliza kama sketi zimelegea, na nilikuwa nimeanza kuzifunga kwa pini. Mimi mwenyewe ningemuuliza mgonjwa yeyote maswali hayo kabla hajakaa vizuri. Wahenga walisema mganga hajigangi, na mimi nilikuwa najiganga huku natembea.

Kufika kiangazi cha Januari, miguu ikaanza kuwa mizito. Nilikuwa napanda ngazi kama mtu anayetembea kwenye matope. Asubuhi moja niliteremka kitandani sakafu sikuisikia. Mama alinikuta nimeshika ukuta, akasema, "Leo huendi kumtibu mtu. Leo unaenda kutibiwa." Nilikatiwa kadi kama watu wengine. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Pengine nilikipata wodini, pengine kwingine, haikunisaidia kujua. Daktari bingwa, mzee mpole mwenye sauti ndogo, aliniambia dawa ni za mwaka mzima, na kwamba dawa peke yake hazitoshi. Lazima nilale. Mfupa ulikuwa umelika, na kama nisingeupumzisha mpaka ukomae, ungeweza kubana mishipa ya fahamu na miguu isirudi.

"Miezi mingapi, mzee?" nilimuuliza.

"Mfupa hauna kalenda, binti yangu. Tutauangalia."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi tangu siku ile. Nikitulia, nitatembea. Nisipotulia, kuna hatari nisitembee tena. Ni sharti rahisi sana kwa mtu ambaye mwezi ukiisha kuna kitu kinaingia.

Masika yote niliyasikia kwa masikio, nikiwa nimelala chali, mvua ikipiga bati. Mama ndiye aliyekuwa msimamizi wangu wa dawa. Kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alisimama mbele yangu mpaka nimeze zote, kisha akasema, "Fungua mdomo," kama vile mimi ni mtoto wa chekechea. Mkojo ukawa rangi ya soda ya machungwa. Mifupa ya nyonga ikatokeza. Nywele nilizinyoa mwenyewe maana zilikuwa zinabaki kwenye mto. Nilitengenezewa mkanda mgumu wa kushika kiwiliwili, unaofungwa kuanzia kifuani mpaka kiunoni, na ndani yake nilikuwa natoka jasho hata siku za baridi. Mama alinipikia mtori wa ndizi na nyama mpaka nikaanza kuuota. Ule mtori ulikuwa rehema, lakini wakati ule niliuona kama ushahidi kwamba nimerudi kuwa mzigo.

Baba mdogo alikuja kutoka Maji ya Chai na mkungu wa ndizi begani.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Kumbe na daktari anaumwa?"

"Anaumwa, baba."

"Haya. Sasa sisi tutatibiwa na nani?"

Alisema kwa utani, tukacheka. Lakini wakati anaondoka nilimsikia mlangoni akimwambia mama kwa sauti ambayo alidhani ni ya chini, "Shemeji, mlisema akimaliza shule mtapumzika." Wiki ile ile Elibariki aliahirisha mwaka chuoni akaenda kubeba magunia na mama sokoni. Hakunilaumu kwa mdomo. Alikuwa anaingia jioni, ananiuliza nimekula nini, kisha anawasha redio kwa sauti kubwa. Heri angenitukana.

Kipupwe kilipoingia, ukungu ukaufunika mlima Meru wiki nzima bila kuuachia, nikaruhusiwa kuanza mazoezi ya viungo hospitalini kila Jumanne. Nilikuwa nimeanza kusimama na fimbo. Kuinama sikuweza kwa sababu ya ule mkanda, kwa hiyo kila Jumanne mama yangu, mwenye magoti mabovu, alipiga magoti sakafuni akanifunga kamba za viatu vyangu vya raba. Sijawahi kuona kichwa cha mama kwa juu namna ile. Kimejaa mvi katikati, na sikuwa najua.

Jumanne ya kwanza nilikuta benchi limejaa, nikakaa pembeni na namba yangu mkononi. Gari likasimama mlangoni. Dereva akashuka na mwavuli, akafungua mlango wa nyuma, akashuka Glory.

"Aika! Shoga yangu, na wewe?"

Nilikuwa nimesikia kwamba alipata ajali wakati wa masika, gari lake liliteleza kwenye barabara ya Njiro likagonga mti, kiwiko cha mkono wa kulia kikavunjika akafanyiwa upasuaji. Sikwenda kumpa pole kwa kuwa sikuweza kwenda popote. Tulikumbatiana kwa shida, mimi na mkanda wangu, yeye na mkono mmoja. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Alivaa sweta la mikono mirefu iliyofunika mpaka vidoleni, na viatu vyekundu vya ngozi, vya kutumbukiza mguu tu. Akaketi, akatoa kwenye mkoba kijiboksi cha plastiki chenye machungwa yaliyomenywa na kukatwa vipande vizuri kama vya hotelini.

"Kula, mwenzangu."

Nikala. Nikamuuliza hali ya kazini.

"Nipo nyumbani tu. Wamenipa likizo, mshahara ukakatika. Si unakumbuka bima ya Baraka? Bwana, inaingia kila mwezi! Mimi hata sijui inavyokwenda, Baraka ndiye anayeshughulikia."

Alisema kwa furaha, bila kuringa. Hata sijui inavyokwenda! Mtu anapata riziki hata hajui inakotokea. Nilimwangalia yule dereva, nikaviangalia vile viatu, nikayaangalia yale machungwa yaliyomenywa na mtu mwingine, nikasema moyoni, huyu hata kuugua anaugua vizuri.

Tangu siku ile sikwenda tena mazoezini kwa ajili ya mgongo tu. Nilikwenda kumwangalia Glory. Nilijua gari litafika saa ngapi na nilikuwa nimeshakasirika kabla halijafika. Nilimwonea wivu wa kulala mchana bila kusikia redio ya Elibariki ikipigwa kwa hasira. Nilimwonea wivu wa kusema "mpaka nipone" kwa sauti ya kawaida, wakati mimi neno hilo lilikuwa linanikata. Niliona wivu hata kwa aina ya maradhi yake: mkono! Mkono unauweka kwenye sweta ukaendelea na maisha. Jumanne moja niliomba gari lile lipate pancha. Halikupata. Kama ningeambiwa nibadilishane naye, mgongo kwa kiwiko na bima juu, ningekubali pale pale kwenye benchi kabla namba yangu haijaitwa.

Naye aliendelea kuwa mwema, na wema wake uliniudhi zaidi.

"Aika, kama kuna kitu kimepungua nyumbani niambie. Sisi si watu wa kuoneana haya."

"Sisi tuko sawa tu," nilimjibu. Kisebusebu na kiroho papo.

Kisha mwenye kliniki akanipigia simu. Alikuwa mtu mzuri, alisema amenishikia nafasi kwa kadiri alivyoweza, lakini kuna daktari kijana anaitaka, naye amechoka kuwaambia wagonjwa wasubiri. Usiku ule sikulala. Sikumfikiria bingwa wala mfupa. Nilimfikiria Glory amelala Njiro, ameweka mkono wake juu ya mto, mwezi unaisha na kitu kinaingia. Nikasema kama yeye analipwa kwa kulala, mimi nitalipwa kwa kusimama.

Nilifunga mkanda chini ya koti jeupe, nikamwambia mama nimeruhusiwa. Nilifanya kazi wiki mbili na siku kadhaa. Sitasema ilikuwa vibaya. Nilifurahi kuitwa daktari na watu wasio mama yangu. Mpaka asubuhi moja niliponyanyuka kwenda kunawa mikono, miguu ikakataa. Haikuuma. Ilinyamaza tu. Bibi mmoja aliyekuja kupimwa presha ndiye aliyenidaka kwapani, akapiga kelele, "Jamani, daktari ananifia!"

Bingwa alitazama picha mpya kwa muda mrefu.

"Ulisimama," alisema.

"Nilisimama, mzee."

"Hatujachelewa. Lakini safari hii miguu imekuonya. Ukirudia, mimi sitakuwa na la kukusaidia."

Nikarudi kulala chali, na nafasi ya kliniki ikachukuliwa na yule kijana. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda changu bila kuvua kilemba cha sokoni.

"Dokta," aliniambia, "mimi nimeuza mahindi tangu hujazaliwa. Nitauza tena. Lakini miguu siuzi na sinunui. Lala."

Elibariki alikuwa amesimama mlangoni. Redio siku hiyo hakuiwasha. Aliingia, akanivua mkanda kwa uangalifu, akaupangusa jasho kwa kitambaa, akautundika. Tangu hapo ikawa kazi yake kila jioni, na tukaanza kuongea kidogo kidogo, habari za mpira na za wateja wabishi. Nililala. Nilipitisha kipupwe kilichobaki na pepo za Septemba nikiwa nimelala, na wivu wangu nikalala nao.

Kabla sijasimulia Jumanne ya mwisho, niseme niliyotaka kumwambia daktari mpya anayesoma. Ukiumwa, kakate kadi. Usitibiwe kwenye korido na rafiki yako, hata kama ni bingwa wa dunia nzima. Na yule kijana mwenye tai akija saa ya chai, mpe kiti. Muulize bima inaanza kulipa baada ya muda gani tangu ushindwe kazi, na italipa mpaka lini. Muulize kama inalipa ukishindwa kazi yako uliyosomea, au mpaka ushindwe kila kazi chini ya jua, maana kuna tofauti kubwa. Na ufanye hivyo ukiwa huumwi, kwa sababu ukishaumwa hawakutaki. Najua, kwa sababu nilimpigia Baraka simu nikiwa kitandani, akanijibu kwa upole sana kwamba nimechelewa. Hata upole wake uliniuma.

Mijakaranda ilipochanua, bingwa aliangalia picha, akaniambia nitembee mpaka dirishani na kurudi bila fimbo. Nikatembea. Akaniambia nivue mkanda niiname. Niliinama taratibu, nikafika kwenye raba zangu, nikafungua kamba na kuzifunga tena mbele yake. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu; nilisikia akipenga kamasi kwenye khanga. Niliruhusiwa kufanya kazi za kukaa, asubuhi tu. Mwenye kliniki alipopigiwa simu alisema yule kijana ameshapangiwa kituo na serikali, na kiti changu kipo. Nilivaa koti langu jeupe papo hapo, nililokuja nalo kwenye mfuko wa plastiki kwa matumaini.

Mama akaenda kuchukua dawa. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye benchi la mazoezi. Sikuwa na mazoezi siku hiyo. Nilitaka Glory anione. Nilitaka, kwa mara moja tu katika maisha, Glory anionee wivu mimi.

Alikuwepo, na viatu vyake vyekundu, na machungwa yake.

"Nimeruhusiwa," nilimwambia. "Narudi kazini Jumatatu."

"Hongera, mwenzangu." Alisimama akanikumbatia. "Hongera sana."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida mno. Haikuniridhisha.

"Na wewe vipi? Bado wanakulipa?"

"Wamekubali kunilipa mpaka mwisho wa mkataba. Baraka alileta habari wiki iliyopita."

Mpaka mwisho wa mkataba. Miaka! Ule moto ukanirudia wote kwa pamoja, kana kwamba sikuwa nimetoka kutembea mpaka dirishani. Nikasema, na nilikusudia limchome, "Glory, wewe una bahati."

Alipandisha mkono wa sweta mpaka kwenye kiwiko, akaulaza mkono wake wa kulia juu ya benchi katikati yetu.

"Wewe ni daktari," alisema. "Nitazame."

Niliutazama. Nilikuwa nimekaa kando ya mkono ule Jumanne nyingi za kipupwe. Katikati ya kidole gumba na cha shahada, pale nyama inapojaa, palikuwa na shimo. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjamana na havikunyooka alipojaribu. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angejua kwa kuangalia tu kwamba mshipa wa fahamu umekufa pale kiwikoni. Glory akachukua kadi yake ya namba, akaibana kati ya gumba na kidole cha shahada.

"Vuta."

Nikavuta. Ilitoka bila ubishi wowote.

"Wamekubali kunilipa kwa sababu madaktari wao wamethibitisha kwamba sitashika kisu tena," alisema. "Mara ya kwanza upasuaji haukushika, mara ya pili haukushika. Kila mwezi ile hela ikiingia, mimi najua kwamba mwezi mwingine umepita na mkono haujarudi. Mama anasema nishukuru. Nashukuru. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Ndipo nikaviona vile viatu. Havikuwa na kamba kwa sababu hawezi kufunga kamba. Dereva alikuwepo kwa sababu hawezi kushika usukani. Machungwa yalimenywa nyumbani kwa sababu hawezi kumenya chungwa, yeye ambaye vidonda vyake vilikuwa vinapona bila kuacha alama. Kila kitu nilichokihesabu kama raha yake kilikuwa mahali ambapo mkono ulikuwa umetoka. Nami ni daktari, nimesoma miaka mingi kwa michango ya ukoo, na sikukiona hata kimoja kwa sababu nilikuwa natazama kwa kijicho.

"Glory, mimi nimekuwa nikikuonea wivu," nilisema. "Tangu kipupwe."

"Najua. Ulikuwa unaangalia viatu vyangu kama trafiki anayetafuta kosa." Alicheka, na nikaona macho yake yamelowa. "Na mimi nakuonea wewe. Tangu siku ile uliponisimulia mama yako anavyokufunga kamba, nilijua utakuja kuzifunga mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikalia mpaka dereva akaniuliza nani amefariki."

Nje maua ya zambarau yalikuwa yanaanguka juu ya gari lake. Dereva akaja mlangoni kumwita. Nilimsindikiza. Nasema ukweli wote, kwa kuwa nimeanza: dereva alipofungua mlango nikaona viti vya ngozi, na kile kiwivu kikanifinya tena kidogo, kwa mazoea. Nadhani Glory alikiona usoni kwangu, maana aligeuka na ule utani wake wa chumba cha chai.

"Haya, Aika, basi tubadilishane," alisema. "Chukua bima, chukua gari, na viatu nakuongezea. Wewe nipe huo mkono wa kulia tu."

Akanyoosha kiganja chake cha kushoto mbele yangu, akasubiri.

Nilijua anatania. Hata hivyo nilijikuta nimeingiza mikono yangu yote miwili kwenye mifuko ya koti, nimeikunja humo ndani, na sikuitoa mpaka gari lake lilipotoka getini.